Kamba ya Mafundo

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na kijiji cha wanyama na ndege kikiitwa Mkwajuni, kwa ajili ya mkwaju mkubwa uliosimama katikati yake. Juu ya mkwaju huo walilala kanga, kundi zima la kanga 42, na kila jioni kazi ya kuwahesabu wanaopanda ilikuwa ya kanga mmoja aliyeitwa Mdogo. Hakuhesabu kwa tarakimu. Alihesabu kwa majina. Alisimama shinani akamtaja kila apitaye, na jina likipungua hapakuwa na kulala: alirudi njiani akiita mpaka mchelewaji apatikane, akamkaripia mbele ya watoto wake. Mara mbili wito huo uliwaokoa vifaranga na kicheche.

Alipenda taarabu, akiiimba kwa sauti yake ya kukwaruza toka asubuhi. Hakupenda kuharakishwa. Ukimharakisha aliketi, na akishaketi hata mvua ya masika haikumwinua.

Mdogo alizaliwa na uzi wa ziada. Mkwajuni, kama ilivyo kwa binadamu, kila kiumbe husukwa kwa nyuzi jozi 23, na katika jozi ya 21 ya Mdogo, Mnana msukaji aliweka nyuzi tatu. Mama yake alipompeleka kwa wazee wakamtazama macho na shingo, wakamwambia asijichoshe, kwani watoto wa uzi wa tatu hawafiki mbali. Hawakukusudia uongo. Karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na hitilafu ya moyo, na zamani za mabibi wengi wao walizikwa wangali vifaranga. Kwa hiyo kijiji kikampa jina Mdogo, na hakikumwandalia jina jingine.

Akafika miaka 10. Akafika 20. Kwenye karamu bado alikalishwa jamvini na watoto, na wapitao walimfinya shavu. Ni mama yake peke yake aliyekuwa akihesabu miaka. Siku Mdogo alipotimiza 30 mama alichukua kamba ya usumba akaanza kufunga mafundo. Fundo kubwa: anapanda mkwaju peke yake, kwa tawi la upande wa kisima. Fundo dogo: anajua majina yote 42, na ya marehemu. Fundo la mizunguko miwili: akiumwa hasemi, huuma ukingo wa bawa la kushoto. Kila mwaka aliipitia kamba akiilinganisha na mwanawe, akaongeza fundo au akalegeza moja. Majirani walimuuliza anafunga nini. Akasema, "Namfunga yeye, nisije nikamsahau alivyo." Walidhani ni mapenzi ya mama tu.

Mama alifariki Mdogo akiwa na miaka 44. Kamba ikabaki, na dada yake mkubwa akatundikia vitunguu.

Alipofika 51 Mdogo alianza kubadilika, na hakuna aliyeona, kwa sababu kila alilolifanya lilikuwa na jina tayari. Alikataa kupita kando ya kisima, pale kivuli kinapoanguka cheusi juu ya udongo, wakasema ukaidi. Alimsukuma mtoto wa Pimbi, wakasema amedekezwa. Aliacha taarabu, wakashukuru kwa utulivu. Wengine walimtetea kwa kusema bado anataja majina yote, kwa hiyo akili ni nzima. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunangoja mtu asahau ndipo tuuamini ugonjwa wa kusahau, na kumbe kwa wenye uzi wa tatu mara nyingi tabia hutangulia: hamu inakufa, hasira inazuka, kazi ya hatua nne inamshinda katika hatua ya pili, na majina yangali yote kinywani.

Dada akampeleka kwa Tabibu Korongo. Korongo ana miguu mirefu na wagonjwa wengi, na siku ile aliongea na Dada peke yake, kana kwamba Mdogo ni mzigo ulioletwa. "Ndivyo walivyo hawa, dada," alisema. "Umri ukisonga wanarudi utotoni. Nenda naye nyumbani ukapumzike."

Ndivyo walivyo. Neno hilo naliogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Ni neno linalofunga mlango mgonjwa akiwa bado uani.

Vuli ilipoanza akaja Mbayuwayu. Huyu hulea watoto wake Ulaya, chini ya vipaa vya nyumba za binadamu, na kila mwaka baridi ikibisha huko hushuka kwetu. Aliposikia Mdogo akilia chini ya mkwaju, akashuka tawini.

"Shikamoo, mzee," akamwambia.

Mdogo akageuka kutazama nyuma yake, kuona ni mzee gani anayesalimiwa. Kisha akasema, "Mimi Mdogo."

"Una miaka mingapi?"

Akamtazama dada yake. "Hamsini na mmoja," Dada akajibu, na alipolitamka mwenyewe akashtuka.

Usiku ule Mbayuwayu alimweleza aliyoyasikia vipaani. Binadamu wanaiita hali hiyo Down, kwa jina la John Langdon Down, tabibu wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1866. Uzi wenyewe haukujulikana mpaka 1959, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walipotangaza Paris kwamba wameihesabu kromosomu ya ziada. Tangu 2012 Umoja wa Mataifa unaiadhimisha tarehe 21 ya mwezi wa 3, kwa ajili ya nyuzi tatu za jozi ya 21. "Na katika jozi hiyo hiyo," alisema, "ndimo lilimo agizo la kutengeneza protini ambayo ikikatwa huacha vipande viitwavyo amiloidi. Vipande hivyo hujikusanya ubongoni na kuganda. Sisi wa nyuzi mbili tunaletewa kwa kibaba. Mdogo ameongezewa toka tumboni. Wenzake wakifika miaka 40, karibu wote ubongo wao umeshaanza kuganda hivyo, ijapokuwa hujaona kitu kwa nje. Wengi huanza kuonyesha dalili katika miaka yao ya 50. Wakijaliwa umri mrefu, zaidi ya 90 kati ya 100 huishia kupata Alzaima, ule ugonjwa wa kusahau."

"Mbona hatukuambiwa?"

"Huko nitokako, miaka ya 1920 mtoto wa namna hii hakutarajiwa kuvuka miaka 10 hivi. Siku hizi wanafika 60. Umri umewahi, maandalizi bado yako njiani." Kisha akamtahadharisha. "Lakini usiuite ugonjwa huo kwa jina lake kabla hujawatafuta wezi wadogo. Wapo wanaovaa nguo za mwizi mkubwa. Tezi ya shingo iliyolegea. Nta masikioni. Mtoto wa jicho. Pumzi inayokatika usingizini. Msiba usiopata mtu wa kuulilia. Hao wote huwapata sana wenye uzi wa tatu, na wote wana dawa au nafuu. Mrudie Korongo, na safari hii mwonyeshe alivyokuwa."

Dada akatazama juu. Vitunguu vilikuwa vinaning'inia.

Asubuhi aliimwaga kamba miguuni pa Tabibu, akampitisha fundo moja baada ya jingine. Hili aliliweza, sasa haliwezi. Hili bado. Hili limeanza kulegea toka masika yaliyopita. Ili kuzisoma alama ndogo Korongo ilimbidi akunje magoti, na akiwa pale chini, kwa mara ya kwanza uso wake ukakutana na wa Mdogo. Hakulinganisha tena Mdogo na Korongo wala na kanga wengine, maana kwa kipimo hicho Mdogo alishahukumiwa toka kuzaliwa. Alimlinganisha Mdogo na Mdogo.

Akamtazama masikio, akatoa nta kubwa kama punje ya kunde. Akakuta tezi imelegea, akampa dawa yake. Akamwuliza kuhusu mama, na Mdogo akalia kilio ambacho Dada hakukisikia hata siku ya mazishi, kwa kuwa siku hiyo walimpeleka kwa jirani asije akasumbuka. Baada ya miezi miwili taarabu ilirudi mkwajuni. Nasisitiza jambo hili: miezi miwili ile, na mingine iliyofuata, ilikuwa maisha halisi ya Mdogo, na ingeibiwa na maneno mawili ya tabibu mwenye haraka.

Mwizi mkubwa hata hivyo alikuwamo. Mwaka wa pili majina yakaanza kuanguka, ya vifaranga kwanza. Kifafa kikamjia, yeye ambaye hakuwahi kuanguka. Na kila machweo aliuliza, "Mama yuko wapi?"

Bi Kobe, asiyependa uongo, alimjibu, "Mama alikufa, mwanangu." Basi Mdogo akapigwa na habari ile kana kwamba imefika sasa hivi, na kesho yake tena. Katika juma moja alimzika mama yake mara sita. Ya saba Dada alimwahi. Akasema, "Unamtaka mama. Alikuwa akikuimbia wimbo gani?" Mdogo akafikiri, akauimba, akapanda kulala. Bi Kobe alinuna kwamba hilo si jibu. Mimi naona Mdogo hakuwa akiuliza habari za kaburi.

Walijifunza mengine kwa namna hiyo hiyo, kwa kutazama. Kile kivuli cha kisimani, machoni pake, kilikuwa shimo. Wakatandaza mchanga mweupe akapita. Kiota chake wakakishusha hadi tawi la chini kabisa, ila katika mkwaju ule ule. Rafiki yake Kwale, ambaye naye ana uzi wa tatu, alikasirika kwa kuwa Mdogo hachezi naye tena. Dada akamkalisha akamweleza kwamba ubongo wa Mdogo unaugua, hajamchukia. Kwale akauliza kama unaambukiza. Akaambiwa hapana. Toka hapo alikuja kila siku akaketi naye bila kudai mchezo.

Lakini uuguzaji haujui usiku. Mdogo alizunguka mpaka alfajiri, na usiku mmoja, mara ya tano alipomwamsha, Dada alimpiga bawa. Alilia kuliko aliyepigwa. Jambo hili lisifichwe, kwani wauguzaji wengi wanalibeba peke yao kama jiwe tumboni, na huwaona wengine wote kuwa watakatifu.

Habari ikafika barazani. Mwenyekiti Kiboko akasema ni wazi mgonjwa apelekwe ng'ambo, kwenye jabali wanakotunzwa makorongo wazee. Dada alisimama. "Huenda iwe hivyo siku moja, sina nguvu za chuma. Lakini wa jabalini wanajua uzee wa korongo. Nani kati yao, au kati yenu, anajua Mdogo akiumwa hufanya nini?" Baraza likanyamaza. Kwa miaka mingi walikuwa wamemsikia akiita majina kila jioni. Hapo Ngiri akasema atachukua usiku wa Jumatatu na wa Alhamisi. Pimbi, yule ambaye mtoto wake alisukumwa, akachukua Jumamosi. Haukuwa muujiza: mmoja aliahidi asije. Ila Dada alianza kulala.

Mwaka wa tatu Mdogo alipaliwa. Chakula kilipita njia ya pumzi, kikaleta nimonia, na Korongo alipomtibu alimfunga mguuni jani lenye maandishi: *Moyo ukisimama asishtuliwe. Sababu: uzi wa tatu.*

Mbayuwayu, aliyekuwa amerudi, alilitambua jani lile. Alisema mwaka 2011 hospitali moja ya Uingereza iliandika agizo kama hilo kwa mgonjwa, ikitaja Down kuwa sababu, na familia yake haikuambiwa.

Dada hakulichana. Alimwendea Korongo nalo. "Tabibu, sitaki mwili uliomaliza safari upigwe ngumi za kifua. Hilo tungekubaliana ungeniita. Lakini uzi huu amezaliwa nao. Aliishi nao, alifanya nao kazi, aliwaokoa nao watoto. Andika kwamba Alzaima imefika mwisho, andika kwamba kufufuliwa kutamuumiza bila kumrudisha. Ukiandika uzi, unasema hata angeumwa jino angeachwa." Korongo alisoma mara mbili, akaandika upya, akamsomea kwa sauti.

Kisha Korongo akataja mpira wa kulishia. Na hapo, kutoka kwenye tundu la mbuyu, ikasikika sauti ambayo Mkwajuni haitaki kuisikia. "Usimwekee," alisema Bundi.

Wote tunajua anavyopokewa bundi. Akilia juu ya nyumba, watu hutoka na vijinga vya moto na chumvi, maana kilio chake kinaleta maiti. Watoto walianza kuokota mawe. Bundi hakuondoka. "Kwa miaka yote mnanifukuza kwa kuwa mnaniona penye kifo," alisema. "Mimi siendi nacho. Nakikuta. Naona gizani tu, na hapo ndipo mgonjwa wenu anapoelekea."

Kazi ya Bundi wanadamu wanaiita tiba shufaa, na kwao pia hukimbiwa kwa sababu ile ile: familia hudhani kumwita ni kumhukumu mgonjwa, basi humwita saa ya mwisho, ya maumivu. Dada alimkaribisha. Bundi akaeleza kwamba Alzaima ikifika hatua hii, mpira hauzuii kupaliwa wala hauongezi siku. Mgonjwa mwenye kuchanganyikiwa huung'oa, akafungwa mikono. Afadhali akalishwe kwa mkono, ameketi wima, uji mzito, kijiko kidogo, na ngoja ameze kabla ya kingine. Akikataa, usimlazimishe, mloweshe mdomo. Kila mtoto wa pwani anaijua habari ya yule paa wa Sultani Darai, aliyemtajirisha bwana wake kisha akaugua, akapikiwa uji wa mtama duni. Dada alikumbuka uji ule kila alipoinua kijiko, na wa Mdogo aliukoroga kwa tui.

"Hana maumivu," alisema Korongo. "Hawa hawasikii sana."

"Wanasikia," Bundi akajibu. "Wanachelewa kusema, au wanasema kwa lugha yao." Akauliza lugha ya Mdogo ni ipi. Dada akaonyesha fundo la mizunguko miwili. Wakatazama: ukingo wa bawa la kushoto ulikuwa umenyonyoka, mwekundu. Alikuwa ameuma siku nyingi, mbele ya macho yao.

Mbayuwayu akasema akipita Uganda huona mofini ya maji ikitolewa chupani, ya kunywa, bei nafuu. Hospisi aliyoianzisha Anne Merriman Kampala mwaka 1993 ndiyo iliyoizoesha nchi, na toka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Mkwajuni waliiogopa. Bundi akaipima tone kwa tone. Siku ya tatu bawa likaanza kuota manyoya.

Lililobaki ni kumwambia mwenyewe. Korongo alishauri wasimwambie, hataelewa. Dada akasema walimficha mazishi ya mama akawaponyoka miaka saba. Basi wakangoja asubuhi ya akili nyepesi, Bundi akakaa karibu, akatumia maneno machache, akiacha kimya kirefu katikati.

"Mdogo, unaumwa. Kichwa chako kimechoka. Si kosa lako."

Kimya.

"Hutapona. Dada hatakuacha."

Mdogo alitazama mkwaju. Wakadhani hajasikia. Kisha akasema, "Nani atawaita?"

"Watoto. Wanajifunza kwako."

"Waite taratibu," alisema. "Msiwaharakishe."

Alikufa mwisho wa Machi, mbayuwayu wakijikusanya kwa safari, kwenye tawi la chini la mkwaju, mdomo umeloweshwa, Kwale upande mmoja na Dada upande mwingine. Alikuwa na miaka 54. Bundi hakulia. Kanga walipanda mmoja mmoja mbele yake jioni ile, kila mmoja akijitaja jina mwenyewe alipopita.

Siku arobaini zilipokwisha, Korongo alikuja bila kuitwa. Aliomba kuiona ile kamba. Dada alidhani anataka kuichukua, akaikumbatia. Hapana, Korongo alisema, anataka kufundishwa kufunga. Akatoa mkobani kamba mpya ya usumba, isiyo na fundo.

Kwale alikuwa kisimani, akichota. Ametimiza miaka 31. Korongo alimwendea, na kabla ya kusema lolote akakunja ile miguu mirefu akaketi mchangani, mpaka macho yao yakawa sawa. Hakumuuliza Dada. Alimuuliza yeye: "Dada Kwale, nieleze. Wewe ni nani, na unaweza nini?"

Kwale aliweka mtungi chini.

"Nachota maji peke yangu," alisema. "Naogopa mbwa. Nikiumwa nalala kifudifudi." Akafikiri. "Mdogo alikuwa rafiki yangu."

Dada akamshika Korongo bawa, akamwonyesha jinsi ya kukaza fundo la kwanza.